Ufa kwenye ukwato: kuuziba si kuutibu

Mtu akiona ufa kwenye ukwato wa farasi au punda wake, wazo la kwanza ni kuuziba. Hutafutwa lami, gundi, nta, oili chafu ya gari, na siku hizi akriliki ya dukani. Wiki mbili baadaye kiraka kimeng'oka na ufa umepanda. Sababu yake ni ya kimaumbile. Ukuta wa ukwato ni kitu mfu: hauna damu wala mishipa ya fahamu, na pande mbili zikishaachana haziungani tena hata ukizibana mwaka mzima. Kinachoponya ni ukwato mpya unaoshuka kutoka juu ukiwa mzima, huku ule uliopasuka ukisogea chini kidogo kidogo hadi uondolewe kwa tupa. Kazi yote ya mfugaji, fundi wa kwato na daktari wa mifugo ni kuhakikisha kwamba huo mpya haupasuki nao ukiwa njiani.

Maelezo yafuatayo ni ya farasi kwanza, kisha ya punda, kwa sababu huku kwetu punda ndiye mwenye kwato nyingi zaidi zinazofanya kazi, na kwato zake zina tabia zake.

Ukwato ulivyo

Ukuta wa ukwato huzaliwa kwenye ukanda laini ulio pale nywele za mguu zinapoishia. Hapa tutauita mstari wa nywele. Seli za hapo hutengeneza keratini, ileile iliyomo kwenye kucha na pembe, na kuisukuma chini kwa milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa farasi mzima, safari ya kutoka mstari wa nywele hadi ardhini huchukua miezi 9 hadi 12 kwa upande wa mbele, miezi 6 hadi 8 ubavuni, na miezi 4 hadi 6 hivi kisiginoni. Hiyo ndiyo ratiba ya tiba, na hakuna dawa ya kupaka inayoifupisha. Anayekuahidi kwamba ufa wa mbele uliofika juu utapona kwa wiki sita anakudanganya.

Ndani ya ukuta huo mna mirija midogo mno inayoshuka sambamba, ikiwa imeshikamanishwa na keratini iliyojaa katikati yake. Mpangilio huo huupotosha ufa usielekee ndani moja kwa moja, na ndiyo maana nyufa nyingi hubaki za juujuu. Upande wa ndani kabisa, ukuta umeshonana na mfupa wa ukwato kwa mikunjo myembamba inayokaribia 600, na kila mkunjo una mikunjo midogo zaidi ya mia. Huko ndiko kwenye damu na maumivu. Kwa chini, ukuta unakutana na unyayo kwenye mstari wenye rangi hafifu uitwao mstari mweupe, ambao ndio mlango mwepesi kuliko yote wa uchafu na vijidudu.

Unene wa ukuta una maana kubwa kwa fundi. Kwa farasi wa ukubwa wa kawaida, upande wa mbele una takriban milimita 10, na unapungua kadiri unavyoelekea visigino. Kosa la milimita tatu linalosameheka mbele linaweza kutoa damu ubavuni.

Kuusoma ufa kabla ya kuugusa

Safisha ukwato kwa brashi na maji kidogo, uache ukauke, kisha jiulize mambo matatu: ulianzia wapi, umeingia kina gani, na uko sehemu gani ya ukwato.

Ufa uliolala kwa upana, sambamba na ardhi, huwatisha watu kuliko unavyostahili. Mara nyingi ni alama ya kitu kilichokwisha kutokea: mnyama aligongwa kwenye mstari wa nywele, au jipu la ndani ya ukwato lilipasukia hapo juu. Ufa huo hushuka na ukwato na kuondoka wenyewe. Tatizo ni pale tu unapokaribia chini, maana kipande kilicho chini yake kinaweza kung'oka. Punguza kingo kwa tupa na usipige msumari hapo. Lakini ikiwa kwato zote nne zimepata mistari ya aina hiyo kwa kimo kimoja, acha kufikiria majeraha. Jambo lililompata mnyama mwili mzima, kama homa kali, badiliko kubwa la chakula au laminaitisi (uvimbe wa ile mikunjo inayoushika ukuta kwenye mfupa), ndilo lililoacha alama hiyo.

Ufa wa wima unaoanzia chini na kupanda ndio wa kawaida kuliko yote. Unatokana na ukwato uliorefuka na kutanuka kama sketi, hasa kwa mnyama asiyevaa viatu. Ufa wa wima unaoanzia kwenye mstari wa nywele na kushuka ni jambo jingine kabisa. Huo unasema kwamba kiwanda chenyewe, pale juu, kinaumia au kinasukumwa vibaya, na hata ukiwa na urefu wa sentimita moja tu unastahili kuheshimiwa kuliko ule wa chini wenye sentimita tano.

Kina hupimwa kwa macho na vidole. Shika ukwato kwa mikono miwili, dole gumba moja kila upande wa ufa, ubonyeze kwa kupokezana. Pande zikicheza, ufa umepenya unene wote wa ukuta. Dalili nyingine za kupenya ni damu baada ya kazi, unyevu usiokauka, usaha wa kijivu au mweusi wenye harufu kali, na mnyama kuchechemea. Weka vidole nyuma ya kifundo, pande zote mbili, utafute mapigo ya mshipa. Kwa mnyama mzima mapigo hayo ni hafifu kiasi cha kukusumbua kuyapata. Yakipiga kwa nguvu, na ukwato una joto kuliko wenzake, ndani kuna uvimbe au jipu.

Ufa unaotoa damu au usaha ni kazi ya daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na swali lake la kwanza litakuwa chanjo ya pepopunda. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika vibaya zaidi na pepopunda, na bakteria wake wanaishi kwenye udongo na samadi, mahali hasa ambapo ukwato uliopasuka unakanyaga. Mnyama ambaye chanjo yake haijulikani hupewa kinga ya haraka pamoja na chanjo yenyewe.

Nguvu inayoupasua

Farasi anapotua mguu, sehemu ya nyuma ya ukwato hutanuka kidogo na kurudi. Anapoondoka, uzito hupita mbele na ncha ndiyo ya mwisho kuacha ardhi. Ncha ikiwa ndefu inakuwa mtarimbo: ardhi inausukuma ukuta nje na juu kwa kila hatua. Ukuta hauwezi kukunjika kama mpira, kwa hiyo unaachana kwanza na mstari mweupe, kisha unapasuka katikati ya mbele. Mnyama anayetembea kilomita 10 kwa siku huurudia msukumo huo maelfu ya mara, na hapo ndipo gundi inaposhindwa.

Ubavuni mambo ni tofauti. Hapo ufa huja kwa sababu upande mmoja wa ukwato unapokea uzito mwingi kuliko mwingine. Mwangalie farasi kwa nyuma, ukwato ukiwa ardhini mahali tambarare. Ikiwa kisigino kimoja kimesukumwa juu kuliko mwenzake kwa milimita 5 au zaidi, na mstari wa nywele wa upande huo umepanda kama kilima badala ya kushuka kwa mteremko laini, umepata chanzo. Ukuta umepigwa juu mpaka ukanda unaouzaa unabanwa, na siku moja ufa unatokea hapo juu kwenye kilima. Farasi wa mbio na wa polo hupata sana aina hii, kwa kuwa wanakimbia kwa kasi kubwa, na wengi wao wana ncha ndefu na visigino vilivyolala.

Kuna pia majeraha ya mstari wa nywele: waya wa seng'enge, bati, ukwato wa mguu mwingine kujikanyaga. Kovu likibaki kwenye ukanda, ukwato unaozaliwa hapo utakuwa na mstari dhaifu maisha yote. Ufa wa namna hiyo haufutiki. Unatunzwa kwa kukata kwato kwa wakati bila kukosa, na mnyama anaendelea kufanya kazi vizuri. Ni heri mwenye mnyama aambiwe hivyo mapema kuliko kuuziwa tiba moja baada ya nyingine.

Kukata: hapa ndipo penye tiba

Chukua mfano wa kawaida: ukwato wa mbele usio na kiatu, ufa wa wima katikati ya ncha, umeanzia chini na kupanda sentimita tatu, haupenyi hadi ndani. Vifaa ni kikwaruzo cha kutolea uchafu, kisu cha kwato, koleo la kukatia kwato, tupa ndefu na brashi ya waya. Mnyama awe amefungwa mahali tambarare, na mtu wa pili ashike kichwa.

Anza na unyayo. Toa uchafu na ganda linalomomonyoka lenyewe, kisha uishie hapo. Unyayo unahitaji unene wa milimita 10 hadi 15 kulinda mfupa. Ukibonyeza kwa dole gumba ukahisi unabonyea, umeshavuka mpaka. Ukishaona unyayo hai ulipo, ndio unaokuonyesha ukuta ukatwe hadi wapi: ukuta ubaki juu yake kwa milimita chache tu kwa mnyama asiye na kiatu. Sawazisha visigino viwili viwe kimo kimoja, na utazame kwamba mstari wa mbele wa ukwato unaendana na mteremko wa sehemu ya mguu iliyo kati ya kifundo na ukwato. Ukwato uliolala kuliko mguu una ncha ndefu mno.

Sasa uinue mguu mbele, uuweke gotini au kwenye kigogo, na upunguze ncha kwa kuja kutoka juu. Ondoa ule mtanuko wa sketi kwa tupa mpaka ukuta wa chini ufuate mwelekeo wa ukuta wa juu, ule wa sentimita mbili za kwanza chini ya nywele, ambao haujapotoshwa. Usiparue ukuta wote kutafuta urembo. Ukipunguza unene juu ya theluthi ya chini, unaudhoofisha ukuta unaoutegemea.

Hatua ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayoponya. Upande wa chini, palipo na ufa na sentimita mbili kila upande, piga tupa kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi ili kingo ya ukuta isiguse ardhi. Nafasi ya milimita 3 hadi 5 inatosha. Mguu ukishawekwa chini kwenye sakafu ngumu, kipande cha karatasi ngumu kipite chini ya ufa bila kukwama. Kikikwama, ardhi bado inaufungua ufa kwa kila hatua. Nafasi hiyo hujifunga kadiri ukwato unavyokua, kwa hiyo mnyama mwenye ufa arudiwe kila wiki 4, si baada ya miezi miwili.

Mafundi wengi hupenda kuchora mfereji wa mlalo juu ya ufa, kwa tupa au chuma cha moto, wakiamini utauzuia kupanda. Kwa ufa mdogo wa juujuu unaotoka chini, mfereji mfupi usio na kina unaweza kupunguza mkazo kwenye ncha ya ufa. Bila kukata kwa usawa haufanyi kitu, na kwa ufa unaotoka juu ni kumuumiza mnyama bure. Chuma cha moto karibu na mstari wa nywele kinaweza kuunguza ukanda unaouzaa ukwato, na kovu lake likawa ufa wa kudumu.

Kiatu, na ufa wa ubavu

Kwa farasi wa kazi nzito au ufa uliopenya, kiatu kinasaidia kuuzuia ukuta usicheze. Kwa ufa wa mbele, kiatu huwekwa nyuma kidogo ya ncha, kingo yake ya mbele ikiwa imeviringwa ili mguu uondoke upesi, na masikio mawili ya chuma hupandishwa kushika ukuta, moja kila upande wa ufa. Sikio moja la katikati, lile la kawaida, litakaa juu ya ufa wenyewe na kuupanua. Misumari ikae mbali na ufa, na isivuke sehemu pana zaidi ya ukwato kuelekea nyuma, la sivyo inavifunga visigino visitanuke. Kiatu kibadilishwe kila wiki 4 hadi 5.

Ufa wa ubavu unadai subira kabla ya chuma. Kwanza toa kiatu cha zamani. Kata kwa usawa, kisha ushushe zaidi ukuta ulio chini ya ufa na kisigino cha upande huo. Mwache farasi asimame kwenye matandiko laini kwa saa 24. Kisigino kilichokuwa kimesukumwa juu hushuka chenyewe sehemu ya njia, na kimo cha kweli cha ukwato kinaonekana. Ukipiga kiatu siku ileile unakuwa umekiganda kisigino hukohuko juu. Baada ya kushuka, kinafaa kiatu kilichofungwa nyuma, ambacho fito zake mbili zimeunganishwa ili uzito ugawanywe hadi kwenye ile sehemu laini ya pembetatu iliyo nyuma ya unyayo. Kati ya kiatu na ukuta wenye ufa pabaki nafasi ya milimita 3 hadi 6. Farasi akirudi baada ya wiki mbili na nafasi hiyo imekwisha, hilo si kosa la fundi: ni ukuta ulioachiwa na kushuka, na ni dalili njema. Rudisha nafasi kwa tupa nyembamba.

Uchafu ndani ya ufa

Keratini iliyopasuka huliwa na bakteria na kuvu wanaopenda giza na mahali pasipo hewa. Utaona unga mweusi au mweupe unaomomonyoka, wenye harufu, na ukigonga ukuta kwa kijiti unasikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Hapo kuoshea juu hakutoshi. Lazima ukuta uliotengana na nyama uondolewe, wote, mpaka pale unaposhikana vizuri, ili hewa na mwanga viingie. Kwa mashine ndogo ya kuchonga, fundi hufungua ufa kwa umbo la V, akienda pole pole hadi kwenye keratini safi na kavu. Rangi ya waridi au tone la damu ni amri ya kusimama.

Dawa iliyo rahisi kupatikana ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Gramu 50 kwenye lita moja ya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 5, wa kupaka kwa brashi ya meno mara moja kwa siku kwenye keratini tu. Usiutie kwenye nyama hai au ufa unaotoa damu, kwa sababu unaunguza. Huko tumia povidoni-ayodini ya asilimia 10, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji yaliyochemshwa. Changanya mrututu kwenye chombo cha plastiki, maana unakula chuma, na usimwage mabaki wanapolisha au kunywea kondoo. Kondoo hufa kwa shaba kwa kiasi ambacho farasi hakimsumbui.

Kukiwa na jipu, daktari hulifungua litoke kwa chini, na mguu hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom kwa dakika 20, siku mbili tatu, kisha hufungwa bandeji kavu. Kuloweka kusizidi hapo, maana ukwato uliolainika kwa maji hauushiki msumari wala hauubebi uzito vizuri.

Kiraka kina wakati wake

Fundi wa nyumba akiona ukuta umepasuka kuanzia kwenye msingi hakimbilii lipu. Kwa ukwato ni hivyo hivyo: kiraka huja mwisho, baada ya kukata, kusafisha na kukausha, na kwa farasi wengi hakihitajiki kabisa. Kinamfaa farasi mwenye ufa uliopenya ambaye anapaswa kurudi kazini kabla ukwato haujakua.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Ufa ukishakuwa mkavu, matundu madogo hutobolewa pande zote mbili, yakianza sentimita moja hadi moja na nusu kutoka kwenye ufa, yakienda kwa mshazari ndani ya unene wa ukuta bila kufika kwenye nyama. Waya wa chuma kisichoshika kutu hupitishwa na kukazwa mpaka pande ziache kucheza. Juu yake huwekwa kitambaa cha nyuzi za kioo na akriliki au poliurethani. Akriliki hupata joto inapoganda, hivyo hupakwa kwa tabaka nyembamba, na karibu na nyama huwekwa kwanza kitu laini cha kuikinga. Kiraka kiishie chini ya mstari wa nywele kwa sentimita moja hivi. Kikifika juu kabisa kitausugua na kuubana ukanda unaouzaa ukwato. Na ufa wenye unyevu, harufu au maumivu haufunikwi kwa hali yoyote. Ukiufunika, usaha utatafuta njia ya kutokea juu kwenye nywele, au utaingia kwenye mikunjo inayoubeba mfupa.

Farasi Big Brown wa Marekani aliionyesha dunia kazi hii mwaka 2008. Alikuwa ameshinda Kentucky Derby na Preakness Stakes, na mbio moja tu ilikuwa imebaki kukamilisha mataji matatu, ndipo ufa wa ubavu ukatokea kwenye ukwato wa mbele wa kushoto. Mtaalamu Ian McKinlay aliushona kwa waya wa chuma, ukaachwa wazi ukauke, na kiraka kikawekwa mbio zilipokaribia sana. Farasi alikosa siku kadhaa za mazoezi. Tarehe 7 Juni, kwenye Belmont Stakes, mpandaji wake Kent Desormeaux alimpunguza mwendo kabla ya mwisho, naye akawa wa mwisho. Ukwato ule haukuthibitishwa kuwa ndio uliomfanya ashindwe. Ila mpangilio wa kazi ile, waya kwanza na kuziba baadaye, ndio unaopaswa kuigwa hata na asiye na farasi wa mbio.

Chakula na unyevu

Lishe hujenga ukwato unaozaliwa leo. Ule uliokwisha kupasuka haunufaiki. Biotini, ambayo ni vitamini, ndiyo iliyochunguzwa zaidi: farasi aina ya Lipizzaner waliopewa miligramu 20 kwa siku walionyesha ubora mzuri zaidi wa kwato, lakini baada ya miezi tisa hivi. Anayenunua kopo la mwezi mmoja na kuacha amepoteza fedha zake. Farasi wa kilo 500 anahitaji pia takriban miligramu 400 za zinki na 100 za shaba kwa siku, na protini ya kutosha. Kinachokosekana zaidi kwenye mazizi yetu ni uwiano. Mnyama anayelishwa pumba za ngano au mahindi kwa wingi anapata fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Majani mazuri ya lusini, kwa kiasi, yanarekebisha sehemu kubwa ya hilo. Tahadhari na kurundika virutubisho vitatu kwa pamoja, kwa kuwa seleniamu ikizidi hupukutisha singa na mkia na kupasua ukwato pale pale kwenye mstari wa nywele.

Kuhusu unyevu, adui ni kubadilika-badilika: tope la masika asubuhi, jua kali mchana, maji tena jioni. Keratini inavimba na kunywea, na mirija inaachana. Zizi lenye mkojo ni baya zaidi, kwa sababu amonia huila keratini. Sakafu kavu ya kusimama, hata ya mita tatu kwa tatu yenye mchanga au kokoto ndogo, inasaidia kuliko mafuta yoyote. Oili chafu ya gari haina nafasi hapa. Hufungia unyevu na vijidudu ndani, na ina sumu.

Punda

Ukwato wa punda umesimama zaidi, ni mwembamba kwa upana, na ukuta wake una unene unaokaribia kulingana pande zote. Fundi anayemkata punda mpaka afanane na farasi anamharibu. Asili yake ni nchi kavu, na ukwato wake hunywa maji mengi kuliko wa farasi. Ndiyo maana punda wa mikokoteni wanaoshinda kwenye majaruba ya mpunga ya Mwea, au kwenye udongo mweusi wakati wa mvua, hupata sana ule uozo wa mstari mweupe, na ufa unafuata. Punda wa Lamu, anayetembea kwenye mchanga na mawe, ana shida nyingine: ukwato unalika upande mmoja, na mzigo usiosawazishwa unaongeza tofauti hiyo kila siku. Kabla ya kulaumu ukwato, tazama shogi na mkokoteni.

Punda akatwe kila wiki 6 hadi 10. Pia huvumilia maumivu kimya kimya. Punda anayechechemea waziwazi ameshaumia kwa muda, kwa hiyo usingoje achechemee ndipo uangalie ufa wake.

Kupima

Siku ya kwanza, chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye kilele cha ufa, pima kwa rula umbali kutoka mstari wa nywele hadi kwenye kilele hicho, na upige picha kwa simu kutoka mbele na kutoka ubavuni. Rudia kila wiki 4. Umbali huo ukiongezeka kwa milimita 6 hadi 10 kila mara, ukwato mpya unashuka mzima na unachofanya kinafaa. Ukibaki palepale, ufa unapanda kwa kasi ileile ya kukua. Rudi kwenye usawa wa visigino na ile nafasi ya chini kabla ya kubadilisha dawa.

Kwa ufa wa juu, sentimita moja ya kwanza ya ukwato usio na ufa ndiyo inayoruhusu kazi nyepesi ya kutembea kwenye ardhi laini. Mizigo, mbio na lami vingoje mpaka pande za ufa zisicheze kabisa na mnyama ageuke kwenye duara dogo bila kusita. Ufa unaorudi palepale licha ya kukatwa vizuri, hasa ukiandamana na majipu ya mara kwa mara na mstari mweupe uliopinda kuelekea katikati ya unyayo, unahitaji eksirei. Huenda ndani ya ukuta kuna uvimbe wa keratini unaoubana mfupa, na huo hutolewa kwa upasuaji.